Mlango Unaomtambua Mtu: Udhibiti wa Milango kwa Njia ya Kielektroniki katika Hospitali na Maduka ya Dawa ya Masasi na Newala

Katika hospitali, mlango ni kifaa cha kazi kama vilivyo kipimajoto na mizani ya watoto. Ukiachwa wazi, dawa hupotea, mtoto mchanga huweza kubebwa na mtu asiye wake, na majalada ya wagonjwa husomwa na macho yasiyohusika. Ukifungwa kupita kiasi, mama anayetokwa na damu hukosa sindano iliyo hatua chache tu kutoka kitandani kwake. Kazi ya anayepanga ulinzi wa hospitali ni kupita katikati ya hatari hizo mbili: kumzuia mwizi bila kumzuia mwokozi.

Suala hili linawahusu watu wa Masasi na Newala kama linavyowahusu watu wa miji mikubwa. Ipo Hospitali ya Mkomaindo mjini Masasi, ipo hospitali ya Ndanda iliyoanzishwa na wamisionari Wabenedikto chini ya mteremko wa uwanda wa juu wa Makonde, na ipo hospitali ya wilaya ya Newala juu ya uwanda wenyewe. Kuzizunguka kuna vituo vya afya, zahanati na maduka ya dawa muhimu. Msimu wa korosho unapofika, kuanzia mwezi Oktoba, maghala ya vyama vya ushirika hujaa, fedha huzunguka, na kila mwenye mali huanza kuutazama mlango wake kwa jicho jipya. Mifumo ya kielektroniki ya kudhibiti milango, ambayo zamani ilionekana katika benki na ofisi kubwa, sasa inauzwa kwa bei ambayo hata duka la dawa linaweza kuifikiria. Makala haya yanaeleza mfumo huo unavyofanya kazi, unasaidia wapi, na unadhuru wapi. Mifano iliyomo ni ya kufundishia. Haisimulii habari za hospitali yoyote kati ya zilizotajwa.

Kutoka ufunguo wa mti hadi kadi

Kufunga mlango kwa ustadi si jambo geni katika uwanda wa Makonde. Mtaalamu wa Kijerumani Karl Weule, aliyezuru Masasi na Newala mwaka 1906 kuchunguza maisha ya wenyeji, aliweka katika kitabu cha safari yake picha za kufuli la mti na ufunguo wake alivyoviona kwa Wamakonde. Kufuli hilo lilijibu swali lilelile linalojibiwa leo na kadi ya plastiki: nani ana haki ya kuingia?

Ufunguo wa kawaida, uwe wa mti au wa chuma, una kasoro tatu ambazo kila mfamasia anazifahamu. Kwanza, haumtambui mtu. Yeyote aliyeushika ni mwenye haki. Pili, ukichongeshwa mwingine sokoni, hakuna atakayejua, na njia ya pekee ya kujilinda ni kubadilisha kufuli zima. Tatu, unamfuata mwenye kuushika. Mwenye ufunguo akienda msibani Nanyumbu, stoo nzima imekwenda naye msibani.

Kasoro hiyo ya tatu ndiyo inayoua. Mama akitokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, dakika zinahesabiwa. Oksitosini huhitajika mara moja, na asidi ya traneksamiki inatakiwa kutolewa ndani ya saa 3 tangu kujifungua, nayo hufaa zaidi kadiri inavyowahi. Muuguzi wa zamu anayelazimika kumtuma mtu kwa bodaboda kumtafuta mwenye ufunguo usiku wa manane amekwisha kupoteza sehemu ya muda huo kabla hajaishika sindano.

Mfumo una sehemu gani

Mfumo wa kielektroniki wa kudhibiti mlango una sehemu tano, na ni vema kuzifahamu kabla ya kuzungumza na muuzaji.

Sehemu ya kwanza ni kitambulisho: kadi, namba ya siri, alama ya kidole au sura ya mtu. Ya pili ni kisomaji, yaani kile kisanduku kidogo kilichobandikwa ukutani kandokando ya mlango. Ya tatu ni kidhibiti, ambacho ndicho ubongo wa mfumo: hupokea taarifa kutoka kwa kisomaji, huitafuta katika orodha yake ya watu walioruhusiwa na saa walizoruhusiwa, kisha huamua. Ya nne ni kufuli lenyewe, linalotii amri ya kidhibiti. Ya tano ni umeme pamoja na betri ya akiba. Kwa kawaida huongezwa kitufe cha kutokea upande wa ndani, na kitambuzi kinachojua kama mlango umefungwa au umeachwa wazi.

Kidhibiti kinapaswa kuwa ndani ya chumba kinacholindwa, si nje. Katika vifaa vya bei nafuu, kisomaji na kidhibiti huwa kitu kimoja kilichowekwa nje ya mlango. Mwizi akikibandua ukutani, huenda akazikuta nyaya za kufungulia zikimngoja. Hili ni swali la kwanza la kumuuliza fundi.

Faida kubwa ya mfumo huu ni mbili. Mtu akihama kituo au akipoteza kadi, jina lake hufutwa katika orodha na kufuli halibadilishwi. Tena, kila mlango unapofunguliwa, mfumo huandika kadi iliyotumika, siku na saa. Watu watatu au wanne wa zamu wanaweza kupewa haki ya kuingia bila kunakiliwa funguo nne zisizo na mwenyewe.

Kadi, namba, kidole au sura

Kadi si zote sawa. Zile za masafa ya kilohezi 125 hutoa namba ileile kila zinaposogezwa kwenye kisomaji, bila kuificha kwa fumbo lolote. Kifaa kidogo cha bei ndogo huweza kuinakili namba hiyo kwa muda mfupi. Kadi za megahezi 13.56 zinaweza kuwa salama zaidi, kwa kuwa baadhi yake hubadilishana mafumbo na kisomaji kabla ya kukubaliwa. Lakini hata humo kuna za kuepukwa: mwaka 2008 watafiti, wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Radboud nchini Uholanzi, walionyesha jinsi fumbo la kadi zilizoenea sana za MIFARE Classic linavyoweza kuvunjwa. Ajabu ni kwamba kadi za aina hiyo bado zinauzwa.

Namba ya siri haigharimu kitu, lakini huenea. Baada ya miezi michache wodi nzima huijua, na vitufe vinne vinavyobonyezwa kila siku huchakaa kuliko vingine na kumwonyesha mgeni pa kuanzia. Namba hufaa zaidi ikiambatana na kadi, si ikiwa peke yake.

Alama ya kidole haiazimwi wala haisahauliwi nyumbani, na kwa sababu hiyo wengi huipenda. Hapa mhudumu wa afya anaweza kutumia elimu aliyo nayo tayari. Kisomaji cha vidole ni kipimo kama vipimo vya maabara: kina chanya ya uongo, yaani kumkubali asiyehusika, na hasi ya uongo, yaani kumkataa anayehusika. Ukikiweka kiwe kikali ili mgeni asipite, kitawakataa na wenyeji. Ukikilegeza ili wenyeji wasisumbuke, kitafungua njia kwa wageni. Hakuna kipimo kisichokosea, na kwenye mlango wa hospitali hasi ya uongo inaweza kugharimu maisha.

Tena vidole vya watu wa Masasi na Newala vina historia yake. Ganda la korosho lina mafuta makali yenye asidi ya anakadiki na kadoli, ambayo huunguza na kubambua ngozi. Mtu aliyebangua korosho kwa mikono anaweza kukuta mistari ya vidole vyake imefifia kiasi kwamba kisomaji hakimtambui. Mhudumu wa afya naye hunawa na kujisugua kwa spiriti mara nyingi kwa siku, na ngozi kavu husomeka kwa shida. Aliyevaa glavu hasomeki kabisa. Hata dawa huweza kufanya hivyo: kapesitabini, inayotumika kutibu baadhi ya saratani, huweza kusababisha ngozi ya viganja na nyayo kuvimba na kubambuka hadi alama zikapotea. Kwa hiyo mlango wa hospitali usitegemee kidole peke yake. Kadi isiyogusana na kisomaji ni bora kwa usafi pia, maana mahali panapoguswa na kila kidole ni mahali vimelea vinapobadilishana wenyeji.

Umeme ukikatika

Swali ambalo mnunuzi wengi husahau kuliuliza ndilo lililo kubwa kuliko yote: umeme ukikatika, mlango utafanya nini?

Makufuli ya kielektroniki yamegawanyika katika makundi mawili. Kundi la kwanza hufunguka umeme ukikatika. Hili ni pamoja na makufuli ya sumaku, ambayo hushikilia mlango pale tu mkondo unapopita. Lile la kawaida hushika kwa nguvu ya takriban kilo 280. Kundi la pili hubaki limefungwa umeme ukikatika, kwa kuwa kinachofunga ni ulimi wa chuma, na umeme huhitajika kwa ajili ya kufungulia tu.

Stoo ya dawa yenye kufuli la sumaku peke yake hubaki wazi betri inapokwisha, na mwizi mvumilivu hungoja. Hesabu yake ni rahisi. Kufuli la sumaku la volti 12 hutumia takriban ampea 0.5 muda wote. Tukiongeza ampea 0.3 za kidhibiti na kisomaji, jumla ni ampea 0.8. Betri ya akiba ya ampea-saa 7, ikiwa mpya na imejaa, haitafika saa 9. Ikizeeka na kubaki na nusu ya uwezo wake, itachoka baada ya saa 4 na kidogo. Kufuli la kundi la pili halili umeme likiwa limetulia. Kwa betri hiyohiyo mpya, mfumo wake unaweza kukaribia saa 23. Basi stoo ya dawa inafaa kuwekewa kufuli la kundi la pili, pamoja na tundu la ufunguo wa kawaida kwa ajili ya dharura, na kitasa cha ndani kinachofunguka kwa mkono bila umeme wowote ili mtu asifungiwe humo.

Kadhalika, mvua za masika huja na radi. Kifaa cha kukinga mkondo mkubwa wa ghafla na waya wa kutuliza umeme ardhini si mapambo. Kisomaji kilichounguzwa na radi huko Newala huenda kikamsubiri fundi kutoka Mtwara au Dar es Salaam kwa siku kadhaa, na siku zote hizo dawa zitaendelea kuhitajika.

Mlango upi ufungwe, na upi usifungwe

Si kila mlango unastahili kufuli la kielektroniki. Stoo ya dawa, kabati la dawa zinazodhibitiwa kisheria kama mofini na pethidini, chumba cha majokofu ya chanjo, maabara, masjala na chumba cha kompyuta zinazotunza taarifa za wagonjwa: hivi vinastahili, kwa kuwa wanaoingia ni wachache na wanajulikana.

Wodi ya wazazi na watoto wachanga inahitaji ulinzi wa aina nyingine. Hapo kinachohofiwa ni mtu kutoka na mtoto asiye wake, hivyo mlango unaodhibitiwa hufaa kuwa mmoja, mbele ya macho ya muuguzi, nayo mikanda yenye utambulisho wa mama na mtoto ilinganishwe kabla ya kutoka. Hata hivyo mlango huo lazima ufunguke wenyewe kengele ya moto inapolia na umeme unapokatika. Wataalamu wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji waulizwe kabla mlango wowote wa njia ya kutokea haujafungwa kufuli.

Mlango wa wodi usigeuzwe kuwa mlango wa mahabusu. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kuwazuia akina mama waliojifungua katika Hospitali ya Pumwani kwa sababu ya deni la matibabu kulikiuka haki zao. Kadi ya kielektroniki hurahisisha kumzuia mtu bila hata mlinzi kunyanyuka kitini, na kwa sababu hiyohiyo uongozi wa hospitali unapaswa kuandika mapema kwamba haitatumika hivyo.

Wodi ya kifua kikuu nayo ina sharti lake. Kinga kuu humo ni hewa inayopita. Usalama usiwe sababu ya kuziba madirisha na matundu ya hewa, maana tutakuwa tumemfungia nje mwizi na kuwafungia ndani vimelea.

Kwa upande wa usafi, visomaji vifutwe kwa kitambaa kilicholoweshwa spiriti ya asilimia 70. Maji ya klorini yakinyunyiziwa moja kwa moja hupenya ndani na kula chuma na nyaya.

Mlango hauhesabu vidonge

Mfumo huu una mpaka ambao usipoelezwa mapema huleta dhuluma. Kumbukumbu yake husema kwamba kadi fulani ilifungua mlango fulani saa fulani. Haisemi nani aliishika kadi, nani alipita nyuma yake kabla mlango haujafungwa, wala nini kilichukuliwa. Muuguzi aliyeazimisha kadi kwa mwenzake wakati wa dharura anaweza kujikuta akituhumiwa kwa chupa asizoziona. Kwa hiyo kumbukumbu ya mlango isomwe pamoja na leja, kadi za stoo na orodha ya zamu, na isiwe hukumu peke yake. Na wahudumu nao wasiazimane kadi, hata kwa nia njema.

Kwa dawa zinazodhibitiwa, kanuni bora ni ile ambayo vijiji vya kusini vinaijua kupitia vikundi vya kuweka na kukopa: sanduku lenye makufuli matatu, na funguo zake kwa wanachama watatu tofauti. Hakuna mmoja anayeweza kulifungua peke yake, na hakuna mmoja anayeweza kusingiziwa peke yake. Mfumo wa kielektroniki unaweza kupangwa vivyo hivyo, usifunguke hadi kadi mbili za watu wawili zisomwe. Lakini kanuni hiyo isivushwe hadi kwenye dawa za dharura. Oksitosini, dawa za kifafa cha mimba na vifaa vya kumsaidia mtoto kupumua vikae katika chumba cha kujifungulia chenyewe: vinavyohitaji ubaridi kwenye jokofu la hapo, na vilivyobaki katika sanduku lenye lakiri inayovunjwa kwa mkono. Lakiri iliyovunjika hutangaza kwamba sanduku limetumika na lijazwe upya. Hakuna kadi itakayoshinda dawa iliyo tayari mahali pake.

Alama zako ni mali yako

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za kibayometria, kama vile alama za vidole, miongoni mwa taarifa nyeti. Mwajiri anayezikusanya anapaswa kueleza sababu, kuzitumia kwa sababu hiyo tu, kuzilinda, na kuzifuta haja inapokwisha. Sababu iko wazi: namba ya siri ikiibwa hubadilishwa, lakini mtu habadilishiwi kidole. Kituo kinachoweza kutosheka na kadi nzuri kina haja ndogo ya kukusanya vidole vya watu.

Pasipo na fedha

Duka la dawa muhimu lisiloweza kununua mfumo mzima halijakosa kinga. Kufuli imara la ulimi badala ya komeo jembamba, mlango na fremu madhubuti, taa usiku, na daftari la funguo lenye jina, saa na saini hufanya kazi kubwa. Ufunguo wa akiba uwekwe katika bahasha iliyotiwa lakiri na kusainiwa na wawili, mahali ambapo kiongozi wa zamu anaweza kuufikia. Ikifunguliwa, sababu iandikwe. Mlango wa kielektroniki uliofungwa kwenye fremu iliyoliwa na mchwa ni pambo tu.

Aliye tayari kununua amuulize fundi mambo haya: kidhibiti kitakaa wapi; kadi ni za aina gani; umeme ukikatika kila mlango utafanya nini; betri itabadilishwa lini na nani; nani atafuta majina ya walioondoka; na kikiharibika usiku wa Jumapili, tutaingiaje. Asiyeweza kulijibu la mwisho asilipwe kwanza.

Kwa wagonjwa na jamaa zao

Nawe msomaji uliyelazwa au unayeuguza una sehemu yako. Usimshikilie mlango mtu usiyemjua kwa adabu tu. Mwelekeze kwa muuguzi. Mama usimkabidhi mtoto wako kwa mtu asiye na kitambulisho, na usione haya kuuliza anapelekwa wapi. Jua mlango wa kutokea wakati wa moto uko wapi, na ukiuona umefungwa kwa mnyororo au umezibwa kwa magodoro, mwambie msimamizi wa wodi siku hiyohiyo. Na ukiambiwa kwamba dawa ipo lakini mwenye ufunguo hayupo, una haki ya kuuliza ni nani mwingine anayeweza kufungua, na kumwomba mganga mfawidhi aelezwe. Kituo kilichojipanga vizuri kitakuwa na jibu, kiwe na kadi za kielektroniki au na kufuli moja na bahasha yake.